Mita Arobaini za Marehemu

Mtu aliyekuibia akija kubisha hodi kwako mchana kweupe, viatu vinang'aa na kalamu mkononi, ujue njia nyingine zote zimemfungikia. Bi Fundi alilijua hilo tangu hodi ya kwanza. Alikuwa kwenye cherehani, anamalizia mfuko wa ovaroli ya kijani, na hakuondoa mguu kwenye pedali mpaka aliposikia hodi ya tatu.

"Karibu, jirani," alisema. "Ingia tu. Wewe tangu lini ukangoja kukaribishwa?"

Bwana Vibali alicheka kama vile amefanyiwa utani. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wake, kwa sababu ukuta wa ofisi yake ulijaa vibali vyenye fremu za kioo: kibali cha maji, kibali cha kupulizia dawa, cheti cha mizani, cheti cha zimamoto, mpaka kibali cha kufuga mbwa. Mgeni akiingia alizungushwa kuta zote nne kabla hajapewa kiti. "Kila kitu changu kina karatasi," alipenda kusema. Alikuwa na shamba la mboga za kupeleka nje, na banda la kufungashia lenye wanawake sitini waliosimama mbele ya meza za bati kuanzia asubuhi. Mmoja wao alikuwa binti wa Bi Fundi. Ovaroli walizovaa wote sitini zilitoka kwenye cherehani hiyo hiyo iliyokuwa ikimngoja Bwana Vibali amalize kucheka.

Watu walikuwa wakimsema sana Bi Fundi kwa hilo. Unamshoneaje mtu aliyemfukia mumeo kabla hajafa? Naye alikuwa akijibu jibu moja tu: adui ukimshonea nguo, unakijua kipimo chake. Basi walimwacha, wakasema uchungu umempanda kichwani.

"Shemeji yangu," alianza Bwana Vibali akiketi, "nimekuja kwa heri."

"Heri gani hiyo inayotembea na faili?"

"Jambo dogo. Nataka kuchimba bwawa kule chini, upande wa mto. Sheria siku hizi inataka jirani asaini kwamba hana ugomvi na mpaka. Ni utaratibu tu."

"Wewe na utaratibu, chanda na pete."

Aliipokea karatasi, akaivutia dirishani penye mwanga. Maneno yalikuwa machache: *Mimi, jirani wa upande wa mto, sina mgogoro na mpaka kama ulivyo leo.* Chini yake mstari, na chini ya mstari nafasi ya tarehe. Bi Fundi alisoma mara mbili, taratibu, huku mgeni wake akipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye goti la suruali.

"Niachie siku mbili," alisema. "Miwani yangu imepasuka."

Miwani ilikuwa nzima, imelala kwenye kopo la vifungo. Bwana Vibali aliiona, lakini mtu mwenye shida haoni kila anachokiona. Aliaga kwa adabu nyingi, akamsifia hata pazia.

Tuseme ukweli wa mpaka, ili mtu asije akadhani Bi Fundi alikuwa mwanamke wa visirani bure.

Mumewe alikuwa mwangalizi wa josho. Enzi hizo ng'ombe wa eneo zima waliletwa kuogeshwa dawa ya kupe, na josho lenyewe lilijengwa kwenye ardhi ya baba yake mzee, pale chini karibu na mto. Josho lilipofungwa, dawa ya zamani ilibaki, mapipa kumi na moja ya sumu kali ambayo hata watengenezaji wake walikuwa wameshaikana. Ofisi ya mifugo ikaamuru yafukiwe hapo hapo. Shimo lilichimbwa, likamwagwa zege chini na ubavuni, mapipa yakapangwa, zege tena juu, udongo juu ya zege. Mume wa Bi Fundi alisimamia kazi kwa siku tano, akapewa cheti chenye mhuri na mchoro. Ofisa aliyetoa cheti alihamishwa, aliyekuja baada yake akahamishwa pia, na baada ya miaka mitatu hapakuwa na mtu ofisini aliyejua habari hizo. Majani yakaota.

Ndipo ikaja ile wiki ambayo mume alikwenda kumuuguza dada yake. Alikaa huko siku kumi. Aliporudi alikuta jiwe la mpaka limesimama mahali pengine kabisa, limepandiwa na nyasi kuzunguka, zuri, kana kwamba lilizaliwa pale. Alichukua kamba akapima. Mita arobaini za ardhi yake, pamoja na sehemu yote ya josho la zamani na mahali pa kuteremkia mtoni, zilikuwa zimehamia kwa jirani.

Alikwenda baraza la ardhi. Bwana Vibali alileta mashahidi wanane, wote wafanyakazi wake, wote wakasema jiwe halijawahi kutikisika. Mume wa Bi Fundi aliomba wazee wa baraza waende pamoja naye kuchimba, kwa sababu alikuwa amewaona wapimaji kwa macho yake wakizika nondo ya chuma chini ya jiwe, na mwizi wa mpaka huhamisha anachokiona tu. Baraza likasema jua kali. Alipokwenda kuchimba mwenyewe alikamatwa kwa kuingia shamba la mtu. Hukumu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake mlikuwa na mstari ambao Bi Fundi aliukariri kama mtoto anavyokariri sala: *Mdai ameonekana kuwa mtu asiyesema kweli.*

Tangu siku hiyo mumewe akaitwa Mita Arobaini. Akipita sokoni, ungemsikia mtu mzima na akili zake akisema, "Mita Arobaini, umepima na mchuzi leo?" Watoto wakaliokota jina hilo wakalitia kwenye mchezo wa kuruka kamba. Yeye mwenyewe hakugombana na mtu. Alipungua tu, mwaka hadi mwaka, mkanda ukatobolewa tundu moja, tundu la pili, tundu la tatu. Mwaka wa nne akafa. Daktari aliandika moyo, na Bi Fundi hakuwa na haja ya kubishana na daktari.

Siku zake za mwisho alimwambia jambo moja. "Mke wangu, yule bwana ameiba na mapipa. Hajui tu." Kisha akacheka mpaka akakohoa. Bi Fundi alidhani ni homa.

Ilipita miaka kumi na moja kabla hajaelewa kwamba haikuwa homa. Mwezi mmoja kabla ya ile hodi, alikuwa kwenye banda la kufungashia akiwapima wafanyakazi wapya kiuno na mabega, na mkaguzi alikuwa amekuja kuwafundisha sheria. Mkaguzi alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti nzito, buti za mpira na daftari lililofungwa kwa kamba ya viatu. Alikuwa akieleza habari za dawa zilizofukiwa, kwamba mashamba mengi ya zamani yana vitu chini.

"Mwenye ardhi ndiye mwenye kilichomo," alisema. "Kizuri chake, kibaya chake. Lakini sikilizeni vizuri. Mwenye shamba akija kutuambia, jamani, hapa kwangu pamefukiwa sumu, ofisi iliyofukia inakuja kuitoa. Akiandika kwenye tamko lake kwamba hakuna kitu, kisha kitu kikatokea, mzigo wote ni wake, na shamba linasimama mpaka autue."

Tepu ya kupimia ilisimama kwenye kiuno cha binti wa watu. "Mama, nimenenepa?" binti aliuliza. Bi Fundi hakusikia. Alikuwa akimsikia marehemu akicheka.

Jioni ile alifungua sanduku, akatoa cheti kutoka chini ya shuka za harusi. Mhuri ulikuwa bado unasomeka.

Hapo angeweza kwenda ofisini kesho yake, akakiweka cheti mezani, akarudi kushona. Mtu mwema angefanya hivyo. Lakini Bi Fundi alifikiri mbele, kwa kuwa bandani habari za bwawa zilikuwa zimeshaanza kuzungumzwa. Angekwenda mapema, Bwana Vibali angeitwa, angejifanya kushtuka, angeandika tamko zuri, serikali ingekuja kumsafishia shamba, naye angepata karatasi nyingine ya kutundika ukutani. Angesifiwa! Hapana. Alitaka Bwana Vibali aape kwanza. Alitaka asimame mbele ya watu wale wale aseme tena kwamba ardhi ile ni yake, jiwe kwa jiwe, halafu ndiyo imuangukie. Ardhi yenyewe haikumuuma sana. Alikuwa hana ng'ombe wala jembe la kulimia sehemu ile. Kilichomuuma ni ule mstari mmoja wa hukumu, na haukuwapo mkono duniani unaoweza kuufuta isipokuwa mdomo wa aliyeusababisha.

Jambo moja tu lilimtia hofu. Tingatinga likichimba bwawa na kupasua mapipa, dereva angekufa, na mto ungebeba sumu mpaka kwa watu ambao hawakumkosea chochote. Kwa hiyo, katika zile siku mbili alizoomba, alimfuata mkaguzi kwenye gari lake akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama tingatinga linaweza kuja wakati wowote.

"Haliwezi, mama. Kikao cha wananchi kwanza. Likigusa udongo kabla, namfunga."

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Fundi. "Wewe fanya kazi yako vizuri."

Siku mbili zilipopita alivaa miwani yake na kusaini.

Binti yake aliipata habari kazini, kutoka kwa Bwana Vibali mwenyewe, aliyepita kati ya meza akiipunga karatasi. Alirudi nyumbani na ovaroli mwilini, mikono inanuka majani mabichi.

"Mama, umesaini?"

"Nimesaini."

"Baba alikufa akikataa kusaini! Walimletea karatasi hospitalini akageukia ukutani! Na wewe mtu kaja na tabasamu tu, umempa?"

"Punguza sauti. Ukuta una masikio."

"Kwa hiyo sasa ni kweli baba alikuwa mwongo. Wewe mwenyewe umeandika."

Neno hilo lilimwingia Bi Fundi kama sindano inavyoingia kwenye kucha, na aliyewahi kushonwa kidole na cherehani anajua. Angeweza kumwambia yote. Lakini binti alikuwa na marafiki hamsini na tisa bandani, na siri ya watu wawili ikiingia kwenye banda la mboga huwa ni tangazo. Aliinamisha kichwa akashona. Binti yake hakula kwake usiku huo wala kesho yake.

Kuna kitu Bi Fundi alikijua vizuri zaidi ya wote. Kikao kikipita bila Bwana Vibali kujifunga, saini yake itakuwa imeuza jina la mumewe bure. Hakuna baraza ambalo lingemsikiliza tena mjane aliyekubali mpaka kwa mkono wake. Alikuwa ameweka kila kitu mezani, na hakulala vizuri mpaka siku yenyewe.

Kikao kilifanyika ndani ya banda la kufungashia, saa nne asubuhi. Meza za bati zilisogezwa ukutani na watu wakakalia kreti zilizopinduliwa. Wafanyakazi walisimama nyuma na ovaroli zao za kijani. Mkaguzi alikaa mbele na daftari lake, na karibu yake Bwana Vibali, aliyekuwa amevaa suti na kuleta vile vibali vyake vyenye fremu, akavisimamisha juu ya meza kimoja kimoja, kama picha za wajukuu.

Mkaguzi alisoma tamko kwa sauti. Lilikuwa na maswali kumi na manne, na Bwana Vibali alikuwa ameyajibu kwa namna aliyoyajibu maswali yote maishani mwake: *hakuna, hakuna, hakuna, ndiyo.* Jengo la kale? Hakuna. Makaburi? Hakuna. Taka au dawa zilizofukiwa? Hakuna.

"Umeyasoma maswali haya kabla ya kujibu?" mkaguzi aliuliza.

"Mama mkaguzi, mimi fomu nazijaza usingizini."

Watu walicheka. Bi Fundi, aliyekaa mstari wa pili na kipochi mapajani, alicheka pia.

"Na eneo la bwawa lote ni lako?"

"Jiwe kwa jiwe. Hata jirani yangu huyu amesaini." Alimwinamia Bi Fundi kidogo. "Zamani kulikuwa na maneno maneno ya marehemu mumewe, Mungu amrehemu, mtu wa kupenda kupimapima. Lakini baraza lilikata. Mpaka ni ule ule tangu enzi za babu yangu, naapa."

Nyuma mtu alinong'ona "Mita Arobaini," na kicheko kidogo kikapita. Bi Fundi aliona binti yake, kule nyuma, akiangalia sakafu.

"Kuna mwananchi anayejua lolote kuhusu eneo hilo?" mkaguzi aliuliza. "Mnaruhusiwa kusema."

Bi Fundi aliinuka. Alifungua kipochi bila haraka. Kilikuwa na kufuli mbovu na hakutaka kuivunja siku hiyo. Alitoa cheti, akatembea nacho mpaka mbele, akakiweka katikati ya vile vibali vyenye fremu.

"Hiki hakina kioo, mwanangu," alimwambia mkaguzi. "Lakini kina mhuri."

Mkaguzi alisoma. Alirudia kusoma. Kisha akasimama, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mapipa kumi na moja ya dawa ya josho," alisema. "Yamefukiwa mahali panapochimbwa bwawa."

Bwana Vibali alinyoosha shingo kuangalia karatasi, akaangalia mchoro, akaangalia mhuri. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ya kweli aliitambua.

"Shamba linasimama leo hii," mkaguzi alisema. "Banda linafungwa. Mboga hazitoki hapa mpaka sumu itoke, na anayeitoa ni mwenye ardhi, kwa sababu ametamka kwa sahihi yake kwamba hakuna kitu. Na tamko la uongo lina kesi yake."

"Sikujua!" alipiga kelele Bwana Vibali. "Ningejuaje? Mimi sikuwepo walipofukia! Pale wakati huo hapakuwa pangu!"

Maneno yalitoka yakakaa juu ya meza pamoja na fremu. Aliyasikia mwenyewe, akafumba mdomo, lakini kuku akishatoka bandani huwezi kumwambia alikuwa hajatoka.

"Hapakuwa pako?" mkaguzi aliuliza taratibu. "Palikuwa pa nani?"

Bwana Vibali aliziangalia fremu zake. Kushoto kwake kulikuwa na mzigo wa mapipa, kulia kwake kesi ya jiwe, na alikuwa akipiga hesabu upi unauma kidogo. Bi Fundi aliiona hesabu hiyo ikipita usoni mwake. Miaka kumi na mitano alikuwa ameingoja sura ile, na sasa ilipokuja aliitazama bila kupepesa, akainywa kama mtu aliyetoka kutembea juani.

"Jibu, jirani," alisema. "Watu wana kazi zao."

"Pa marehemu."

"Marehemu yupi? Wamekufa wengi."

"Shemeji, tafadhali..."

"Mimi si shemeji yako. Marehemu yupi?"

"Mumeo."

"Mlikuwa mnamwitaje?"

Jasho lilikuwa limefika kwenye kola.

"Mlikuwa mnamwitaje humu bandani? Sema, wewe ndiye uliyeanzisha."

"Mita Arobaini."

"Mita Arobaini alisema nini barazani?"

"Alisema nimesogeza jiwe."

"Na wewe?"

Bomba la kuoshea mboga lilikuwa linadondosha maji kwenye karo, na kila mtu alilisikia.

"Nililisogeza," alisema Bwana Vibali.

"Andika, mwanangu," Bi Fundi alimwambia mkaguzi. "Andika alivyosema, usimsaidie hata herufi moja." Kisha akarudi kwenye kreti yake akaketi.

Hadithi za kulipiza kisasi hupenda kuishia hapo, watu wakipiga makofi. Watu hawakupiga makofi. Asubuhi iliyofuata Bi Fundi alifungua mlango akakuta ovaroli sita zimetupwa juu ya uzio wake, kijani juu ya kijani, mifuko imegeuzwa nje. Kufikia mchana zilikuwa kumi na tisa. Wanawake sitini walikuwa wamekaa nyumbani bila kazi, na hawakuwa na Bwana Vibali wa kumrushia nguo. Yeye ana mbwa wenye kibali.

Ovaroli ya ishirini ililetwa mkononi. Binti yake aliivua mbele yake, akaikunja vizuri akaiweka juu ya cherehani.

"Ulijua banda litafungwa."

"Nilijua."

"Ulijua na mimi nitakosa kazi. Mimi na wenzangu wote."

"Nilijua, mwanangu. Nilikaa juu ya jambo hilo mwezi mzima." Bi Fundi hakutafuta maneno ya kujipamba. "Nilipima huku na huku. Nikakuta nataka kumsikia akisema, kuliko ninavyotaka kupendwa. Kama ni dhambi, ni yangu. Usinisamehe upesi."

Binti hakumsamehe upesi. Lakini hakuondoka pia. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kugeuza mifuko ya zile ovaroli ndani, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mikono yake haikuzoea kukaa bure.

Bwana Vibali alikuja mara mbili wiki hiyo. Mara ya kwanza alitaka Bi Fundi aandike kwamba jiwe lilisukumwa na mafuriko. Mara ya pili alikuja bila viatu vya kung'aa, akasema wao ni majirani, yaliyopita si ndwele, na binti anaweza kurudi kazini kama msimamizi wa banda zima. Bi Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba yaliyopita si ndwele ni maneno ya aliyekosewa, mkosaji hayasemi, na akarudisha mguu kwenye pedali.

Mkaguzi aliweka kila kitu kwenye maandishi. Mapipa yangetolewa na wataalamu, kwa jukumu la aliyetamka uongo. Wafanyakazi wasifukuzwe kwa kosa ambalo si lao. Banda likifunguliwa wanarudi wote. Maungamo yakapelekwa baraza la ardhi, nalo baraza, kwa aibu na kwa haraka, likatuma mpima ardhi.

Mpima alikuja saa mbili asubuhi na miguu mitatu ya chombo chake begani, mtu mfupi mwenye kofia pana. Nusu ya kijiji ilikuwa imeshafika, na wenye ovaroli za uzioni walikuwa mbele. Aliangalia ramani ya zamani, akaangalia mto, akasogea, akasogea tena, akachomeka kijiti ardhini mbali na mahali mapipa yalipo.

"Nondo inatakiwa iwe hapa," alisema. "Nahitaji mtu wa kuchimba."

Hapakuwa na wafanyakazi. Bi Fundi alikuwa amekuja na jembe la marehemu, lile lile alilokamatwa nalo, mpini wake umeng'aa kwa viganja vyake. Alimpita mpima, akawapita watu, akalinyoosha jembe kwa Bwana Vibali.

"Wewe ndiye unayepajua," alisema.

Bwana Vibali alimtazama mpima, mpima akaitazama ramani yake. Akamtazama mkaguzi, mkaguzi akawa anafunga kamba ya daftari. Alivua koti, akatafuta mahali pa kulitundika, akakosa, akaliweka chini. Akachimba. Hakuwa amelima kwa miaka mingi na ilionekana. Jembe la kumi hivi liligonga kitu, sauti nyembamba ya chuma kwa chuma, na kila aliyekuwepo aliisikia. Mpima alipiga magoti, akafukua kwa mikono. Kichwa cha nondo kilitokea kwenye udongo, chekundu kwa kutu, kimesimama wima mahali kilipowekwa.

Bi Fundi hakulia. Alisema tu, "Haya, sasa pima."

Mpima alifunga ncha ya tepu kwenye nondo, akatembea nayo mpaka kwenye jiwe lililosimamishwa na Bwana Vibali, na binti wa Bi Fundi, bila kuombwa, akaishika katikati isipepee. Mpima aliinama, akasoma, akavua kofia, akasoma tena.

"Arobaini na moja," alisema.

Watu waliangaliana. Mmoja wa wale waliotupa ovaroli akaweka mkono mdomoni. Marehemu alikuwa amepima kwa kamba ya kuanikia nguo, na kamba ya kuanikia hurefuka ukiivuta. Miaka yote waliyomwita mwongo, mita moja alikuwa amemwachia mwizi wake kwa kutojua.

Bi Fundi alimgeukia Bwana Vibali, aliyekuwa bado ameshika jembe la mumewe, suruali imechafuka magotini.

"Unaona?" alimwambia. "Hata alipokushtaki alikupunja makosa yako."

Kisha akamwambia mpima aandike arobaini na moja, kwa tarakimu na kwa maneno, akasimama pale pale mpaka wino ulipokauka.